Mawese Ndani ya Mafuta ya Taa

Rama wangu,

Soksi, dawa ya malaria, koti la baridi, usimpe mtu begi akushikie: hayo yote baba yako ameshakuhubiria tangu juzi, na mimi siyagusi. Begi lenyewe kalifunga kwa kamba ya katani juu ya zipu, na juu ya kamba kapiga fundo ambalo hata yeye hajui atalifunguaje. Huko ng'ambo watadhani umewaletea mbuzi.

Nakuandikia hapa mezani, Katubuka, alasiri, wewe ukiwa bado uwanjani kwa wageni waliovuka mpaka, kwenye ukalimani wako. Nimeamua kuandika kwa sababu mimi na wewe tukikaa kuzungumza jambo zito hatufiki mbali. Mimi napandisha sauti, wewe unanyamaza, mimi nachukia kule kunyamaza kwako, na kikao kimevunjika. Kwenye karatasi huwezi kunyamaza, na mimi siwezi kupiga kelele. Ukishamaliza kusoma, ukitaka tugombane, nipo jikoni.

Jana tukiwa tunakula ulisema, "Mama, nimefikiri nitaahirisha. Mwaka mmoja tu. Hawa watu hawawezi kuachwa hivi." Baba yako akainamia samaki wake wa mgebuka kama vile ameona mwiba wa ajabu. Mimi nikainuka nikaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Najua ulidhani nimekasirika. Sikukasirika, mwanangu. Niliogopa kufungua mdomo, maana sikuwa na hakika kinachotaka kutoka kitakuwa cha kukusaidia wewe au cha kunisaidia mimi.

Treni ni kesho jioni. Maabara iliyokupa nafasi imekwambia waziwazi kwamba usipoanza muhula huu nafasi inakwenda kwa mwingine, kwa hiyo huo mwaka mmoja tu unaousema haupo. Wewe unalijua hilo kuliko mimi. Na unajua pia kwamba unachokwenda kusoma ndicho nilichokiacha mimi njiani nikiwa na umri kama wako. Hapo ndipo ulimi wangu uliponasa. Kuna mama anayemhimiza mwanawe aende shule, na kuna mama anayemtuma mwanawe akamlie kiporo chake. Jana sikujua mimi ni yupi, nikaona bora sufuria.

Sasa nimepata usiku mzima na nusu ya mchana wa kufikiri, basi sikiliza.

Nilipokuwa chuoni Dar nasoma shahada ya pili, mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja mpole mwenye tabia ya kuuliza swali kisha kuondoka kabla hujajibu. Yeye ndiye aliyenipa lanthanidi. Nitaeleza kana kwamba huzijui, nivumilie. Nimefundisha kidato cha nne miaka mingi na siku hizi hata supu nisipoichorea ubaoni haiivi.

Ni metali za ukoo mmoja, zinafanana mpaka zinaudhi. Zimo ndani ya simu, ndani ya spika, ndani ya taa. Zinatoka ardhini zimechanganyika, na kazi yote iko kwenye kuzitenganisha. Unaziyeyusha kwenye maji yenye asidi, unamimina mafuta juu yake, na ndani ya mafuta unatia kemikali ya kuishika metali na kuivusha kutoka majini kuingia kwenye mafuta. Unatikisa, unaacha vitulie, maji yanakaa chini na mafuta juu. Wenzangu waliotoka mijini walihangaika kutikisa kwa kiasi. Mimi nilikulia Kidahwe kwa bibi mzaa mama, kila msimu tunachemsha chikichi, tunatwanga, tunamwagia maji ya moto na kusubiri mawese yapande. Nikigusa mwiko kabla hayajatulia, bibi alinipiga kofi mkononi. "Leka!" Yaani acha. Nilifika chuo kikuu nikiwa nimeshachapwa kwa somo hilo.

Lakini metali ikishaingia kwenye mafuta, utajuaje imeshikwa vipi? Huwezi kuchungulia. Hapo ndipo mwanga unapokuja. Yuropiamu, mojawapo katika ukoo ule, ukiimulika kwa miale ya urujuani inaimeza, kisha inaitema ikiwa nyekundu. Haiitemi papo hapo, inakawia kidogo sana, kiasi ambacho mashine tu ndiyo inayokiona. Na kinachoamua itakawia muda gani ni maji. Ikiwa ndani ya maji, molekuli kama nane au tisa za maji zimeing'ang'ania, zinainyonya nguvu, mwanga unakufa upesi. Kemikali ikija kuishika sawasawa, maji yanabanduka na mwanga unaishi zaidi. Kwa hiyo unapima mwanga umeishi muda gani, na kwa muda huo unajua metali imebakiwa na maji kiasi gani, na aliyeishika ameishika vipi. Siku nilipolielewa hilo nilitoka nje ya maabara nikacheka peke yangu chini ya mwarobaini, mlinzi akaniuliza kama naumwa. Hadi leo, katika vitu vyote nilivyovijua kwa akili yangu mwenyewe, sijaona kizuri kama hicho.

Sasa kosa lenyewe. Unalijua nusu, maana baba yako hulisimulia kila harusi.

Mafuta tuliyotumia yalikuwa mafuta ya taa yaliyosafishwa, na mwaka ule yakaisha maabara. Nikaambiwa ninunue ya dukani nisafishe mwenyewe. Nikauliza, chombo? Nikaambiwa nijue mwenyewe. Basi nilikuwa na dumu. Mwanafunzi gani wa mwisho wa reli aliyepanda treni bila dumu la mawese? Yangu yalikuwa yamekwisha. Nikalisugua kwa maji ya moto na sabuni mpaka mikono ikachubuka. Na sabuni ilitoka wapi? Ilitoka nyumbani vilevile, kipande alichonifungia bibi kwenye gazeti. Sabuni ya mawese! Wallahi Rama, niliosha mawese kwa mawese, nikafuta jasho, nikajiona fundi wa usafi.

Kila jaribio lina sampuli moja ambayo huitii ile kemikali ya kushika. Metali inatakiwa ibaki majini, kule juu kwenye mafuta kusiwe na kitu. Nikatikisa, nikaacha vitulie, nikayapima mafuta. Yakawaka mekundu.

Mafuta ya taa matupu yamevusha metali bila mshikaji! Mtu mwenye akili zake angesema nimekosea mahali. Mimi nikasema nimegundua. Niliwaambia wenzangu bwenini, nikamwambia mpishi wa kantini, nikampigia baba yako simu kwa jirani yao mwenye duka Ujiji, wakati huo tumeshachumbiana, nikamwambia ajiandae kuoa mtu mashuhuri. Mwalimu nilimwambia wa mwisho. Akaniuliza, "Mwanga wake umeishi muda gani?" Akaondoka.

Sikuwa nimepima muda. Niliona wekundu nikatosheka. Nikarudi nikapima, na muda ule haukuwa wa metali iliyo majini, ulikuwa mrefu zaidi. Wala haukuwa wa kemikali yetu, ulikuwa mfupi kuliko huo. Ulikuwa katikati, pasipo na mwenyewe. Nikarudia. Nikabadilisha kichupa, nikabadilisha taa, na nakwambia ukweli wangu, ilifika mahali sikuwa natafuta jibu tena, nilikuwa natafuta namna ya kupima itakayonipa jibu nililokwisha kumtangazia mpishi. Mwanga ukagoma. Mwalimu akapita nyuma yangu, akatazama, akasema, "Huyo kuna mwingine kamshika. Kamtafute."

Nilimpata kwa pua. Ilikuwa mchana wa joto la Dar, nimefungua dumu nimimine, ikanijia harufu ya jikoni kwa bibi, dagaa kabisa na mchuzi wake. Nikakaa sakafuni. Mawese yaliyokaa yana asidi zake, na sabuni ina zilezile, zilikuwa zimejipaka kwenye plastiki zikaingia kwenye mafuta ya taa. Nazo zinajua kushika metali. Ila zinashika kivyake, haziondoi maji yote, ndiyo maana mwanga uliishi nusunusu. Kwa hiyo mashine ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo, mimi ndiye niliyekuwa nabishana nayo.

Bwenini wakanibatiza Mama Mawese. Baba yako huishia hapo, watu wanacheka, nami nacheka nao. Sijawahi kumwomba aendelee.

Nililia sana, na nikaenda kwa mwalimu kumwambia naacha. Hakuninyamazisha. Aliniacha nikalia, kisha akasema, "Vizuri. Sasa yatie mawese kwa makusudi." Safari hii hakuondoka, alikaa asikie nitajibu nini. Mwanangu, ile ilikuwa zawadi. Kulikuwa na swali pale ambalo mimi sikuliona kwa sababu nilikuwa nimeshughulika kuona aibu: je, asidi zinazotoka kwenye mti wa kwetu zinaweza kufanya kazi ya kemikali inayoagizwa kwa meli? Nikaanza upya, na dumu jipya. Nilitenganisha asidi moja moja, nikapima mwanga wa kila moja. Nyingine zilishika hovyo, nyingine zilinishangaza. Ile miezi nilikuwa na furaha ambayo sijui niifananishe na nini, na baba yako asisome mstari huu, maana harusi ilikuja baadaye.

Nikaja nyumbani likizo. Ndipo majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wakaanza kuvuka, wakikimbia vita.

Hilo wimbi la kwanza umelisikia, na sasa umeliona la kwako, kwa hiyo sina haja ya kukueleza mtu anaonekanaje akishatembea na mtoto mgongoni siku nyingi bila kula. Ujiji ilijaa. Ukumbini kwa wazazi wangu zililala familia mbili, babu yako akahamia chumba cha stoo bila kuombwa. Mimi nilikuwa na Kiha cha Kidahwe, na mwenye Kiha na mwenye Kirundi wanasikilizana wakitaka, basi shirika moja likanichukua niwe mkalimani kambini. Nikasema ni likizo hii tu. Likizo ikaisha, nikasema hadi mvua zikatike. Mwalimu akatuma ujumbe kwamba mashine inaningoja. Nikamjibu kwamba watu wanakufa.

Ilikuwa kweli. Walikuwa wanakufa, na nilikuwa na faida pale. Sitaki uondoke, wala ubaki, ukidhani mama yako anajutia kushika mikono ya watu wale. Sijuti hata siku moja.

Ninalojutia ni jingine. Niliamini kwamba nikitoka pale kila kitu kitaanguka. Sikulisema, lakini nililitembea, nililila, nililala nalo. Kisha malaria ikaniangusha kweli kweli, wiki kadhaa niko kitandani Ujiji, na katika homa ile nilikuwa nawahesabu wagonjwa wanaokufa kwa sababu mimi sipo. Nilipopata nguvu ya kusimama nikaenda kambini nikiyumba. Nikakuta mahali pangu kakaa mwanamke mmoja, Bi Daforoza, mkimbizi mwenyewe, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kwao. Kirundi ni chake, Kiswahili anacho, hana hata haja ya kukisia kama nilivyokuwa nakisia mimi kwa Kiha changu cha bibi. Foleni imetulia. Watoto hawalii. Akaniona akanyanyuka, akasema, "Karibu mama, kaa, umekonda," akanipa kiti kama mgeni.

Ungesema nilifurahi. Nilichukia, Rama! Nilikwenda nyuma ya hema nikalia kwa hasira. Yule mama alikuwa kambini muda wote ule. Hakuna aliyemuuliza kama anaweza, kwa sababu mimi nilikuwa nimejaa pale, na nilikuwa natokwa jasho kwa namna ambayo mtu anaona haya kukuambia upishe.

Siku ile nilikuwa huru kupanda treni. Sikupanda. Nilijitafutia kazi nyingine kambini, na baada ya hiyo nyingine, hadi nafasi yangu chuoni ikafutwa, mwalimu akastaafu, mashine ikaharibika na kugeuzwa meza ya kuwekea magazeti. Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba niliacha masomo kwa ajili ya wakimbizi, na watu wanasema mashallah, na mimi nainamisha kichwa kama mtu wa heri. Nusu ya maneno yale ni huruma kweli. Nusu ya pili ni woga. Kambini nilishukuriwa kila siku. Mashine haishukuru mtu. Ilishanionyesha mjinga mara moja, na nilijua nikirudi itanionyesha tena.

Sasa nije kwako.

Wiki iliyopita nilikuletea chakula uwanjani ukasahau hata kula. Ulikuwa umechutama kando ya Bibi Anastaziya, yule mkimbizi wako mzee, unamweleza vidonge vyake vya presha, kimoja asubuhi, kimoja jioni, unamwonyesha jua kwa kidole, anakataa, unaanza tena tangu mwanzo bila kuchoka. Nilisimama nyuma ya kamba na hotpoti mkononi. Nilijivunia mpaka ikauma. Kwa hiyo usinisome vibaya: sisemi kazi unayofanya ni ndogo. Na siwezi kukwambia kwamba woga wangu wa wakati ule ndio ulio ndani yako leo. Huenda hauna kabisa. Ila mwezi uliopita, tukichambua dagaa, uliniambia, "Mama, kule mimi ndiye nitakuwa mjinga kuliko wote," ukacheka upesi mno. Na baada ya hapo ndipo nikaanza kusikia habari za kuahirisha. Mimi ni mama yako, masikio ninayo.

Basi nikujibu leo kile ambacho siku ile nilikupuuzia. Ndiyo, utakuwa mjinga kuliko wote. Mwanzo utakuwa huo. Utavunja kichupa cha bei mbaya. Utatikisa kupita kiasi, maji na mafuta vitakuwa uji mmoja usiotengana, na wenzako waliozaliwa na mashine hizo nyumbani watakutazama kwa huruma, jambo ambalo linaudhi kuliko kucheka. Vumilia tu, ile aibu haiui, mimi ni shahidi, inakuachia jina la utani tu. Na siku utakapopata namba usiyoipenda, tafadhali usigombane nayo kama nilivyogombana mimi. Kaa nayo. Muulize mtu aliye karibu, hata kama unaona haya. Mimi nilikuwa na mwalimu aliyejua jibu kwa kutazama mara moja, na nilimkwepa siku kadhaa kwa sababu tu sikutaka anione nimekosa. Siku hizo ndizo ninazozijutia zaidi katika maisha yangu ya chuo, kuliko hata kosa lenyewe.

Halafu hili la asidi za mimea. Uliponiambia ndilo unalotaka kulisomea nilikwenda chooni nikakaa huko, ukadhani tumbo. Nilikuwa nashukuru, na nilikuwa naogopa. Basi nakutua mzigo mbele ya Mungu: swali ni lako. Ukigundua kwamba mawese hayafai kitu kwa lanthanidi, andika kwamba hayafai, kwa herufi kubwa, mimi sifi. Ukichoka na lanthanidi ukahamia kwenye dawa za mbu, hamia. Sitaki mtoto wa kunimalizia maisha. Maisha yangu nimeyaishi, nimefundisha watoto wa watu, wengine leo ni madaktari na mmoja ni mwizi anayejulikana, na nyumba hii imejaa vicheko. Mimi si mtu wa kuhurumiwa. Usiende kwa ajili yangu, na usibaki kwa ajili ya kuwa tofauti na mimi, wala kwa ajili ya kufanana na mimi.

Baki kama una sababu yako. Ila ulinipa moja tu jana, na uliitaja kwa jina. Ulisema, "Nani atamsemea Bibi Anastaziya?"

Nikalala na swali hilo. Asubuhi nilikwambia naenda sokoni. Sikwenda sokoni, ndiyo maana leo hakuna mboga, na baba yako ameshauliza mara ya ngapi sijui. Nilikwenda kwenye ofisi ya wale wanaokulipa. Nilimkuta yule binti msimamizi, nikamwambia mimi ni nani na ninataka nini. Akanitazama juu chini. "Mama, utaweza kusimama juani kutwa?" Nikamwambia mimi nimesimama mbele ya kidato cha pili saa nane mchana, jua ni kitu gani? Shule ziko likizo, na likizo yangu mwenyewe nimeilimbikiza miaka, mkuu wa shule ameshakubali. Akanipa mtu anipime Kirundi. Nilichomeka Kiha mahali pengi, yule kijana akacheka mpaka akashika meza, lakini akasema wanaonisikia watanielewa.

Kutoka hapo nikaenda uwanjani. Wewe ulikuwa upande wa mabasi, unaita majina, hukuniona. Nikamtafuta Bibi Anastaziya nikamwambia, mimi ndiye mama yake Rama. Akanishika mikono yote miwili hakuniachia. Nikamwambia una safari, kama utaikubali. Akauliza unakwenda kutafuta nini. Nikasema unakwenda kusomea mwanga. Akafikiri, akaniuliza kama huko hakuna jua. Nikamwambia lipo kidogo. Akasema, "Basi ndiyo maana." Kisha akauliza, "Na wewe, unabaki?" Nikasema nabaki. Tukakaa. Nikamweleza vidonge vyake, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema wewe unaeleza vizuri kuliko mimi, ila mimi nina sauti, na yeye sikio moja halisikii. Wewe miezi yote hii ulikuwa unamnong'oneza kwa adabu, mwanangu, na yeye alikuwa anakataa kwa sababu hasikii.

Na kabla sijaondoka niliwauliza waliokuwa karibu, nani kati yenu alikuwa mwalimu huko kwenu? Wakanyoosha mikono wanawake wawili na mzee mmoja. Majina yao nimeshampelekea yule binti wa ofisini. Kazi yangu ya kwanza itakuwa kuwafundisha hao kukaa pale nitakapokaa mimi, na nikishamaliza nitaondoka, hata kama itaniuma.

Naanza keshokutwa asubuhi. Kwa hiyo ukiamua kubaki, baki, nyumba ni yako, ila ujue kwamba utabaki huna kazi. Najua utanuna. Nuna, una haki, umenuna tangu siku ulipozaliwa. Lakini nuna ukiwa kwenye behewa, ukitazama Kidahwe ikipita dirishani, na ukifika Dar utakuwa umeshamaliza.

Kile kizibao cha kazi walichokupa usikirudishe ofisini kesho. Kiache msumarini nyuma ya mlango. Nilikijaribu asubuhi ulipokuwa unaoga. Kinanibana kifuani, lakini kitatosha.

Mama yako